Kilo 14 zilienda, zikarudi zote: jibu kwa mama moja wa Majengo

Mama, aksanti sana kwa kuandika, na aksanti kwa kusema mambo wazi vile. Narudilia swali yako kwa kifupi juu na bengine basome bajue tunaongelea nini. Uko na miaka 41, unauzisha vitenge ku soko ya Virunga hapa Goma, nyumba iko Majengo, batoto bane. Mwaka uliopita ulifanya rejime ya supu ya kabeji na maji ya ndimu, ukatoka ku kilo 98 ukafika 84 mu miezi tatu, batu bote bakakushangaa, kisha kabla mwaka uishe zote 14 zikarudi na tatu zingine juu yake, leo balansi inasoma 101. Na ni mara ya pili inakufikia. Tansio, yani presha ya damu, iko 15 kwa 9. Ukamaliza hivi: «naanza kuamini mimi niko tu mutu munene, njo vile niko, na kama njo vile niko basi nateseka bure, nirudilie rejime ao niache?»

Ile sentensi ya mwisho njo imenifanya nikujibu kwa urefu. Bengi banakujaka kuniuliza chakula gani bakate. Wewe umeniuliza wewe ni nani, na kwa maoni yangu, kisha kukaa na batu bengi benye banapunguza na kurudisha, njo pale kilo zinarudiaka.

Lakini tuanze na kuondoa lawama, juu naona unajilaumu sana. Nguvu ya roho haikukosa. Mutu mwenye hana nguvu hawezi kumaliza miezi tatu na supu ya kabeji huku anauzisha toka asubuhi mpaka jioni, na pembeni yake mandazi inakaangwa siku nzima. Kilichokufikia ni mwili kufanya kazi yake. Mu 2011 batafiti ba Melbourne kule Australia, Priya Sumithran na benzake, balichukua batu 50 banene bakabapa chakula kidogo sana kwa majuma 10, bakapunguza karibu kilo 13 na nusu kwa wastani, yani karibu sawa na wewe. Mwaka moja kisha pale bakapima damu yao tena na bakakuta homoni za njaa bado hazijarudi ku hali ya zamani. Leptini, ile inatokaka mu mafuta ya mwili na kuambia ubongo akiba iko, tulia, ilikuwa chini. Grelini, ile inatokaka mu tumbo na kuita chakula, ilikuwa juu. Mwaka nzima, mama, na mwili bado unalia njaa. Na haiko njaa peke yake: Kevin Hall na benzake ba Marekani balifuatilia batu 14 benye balishiriki mashindano moja ya televizyo ya kupunguza uzito, matokeo yakatoka mu 2016, na miaka sita kisha mashindano bengi balikuwa balisha rudisha kilo mingi, lakini mwili wao ulikuwa ungali unachoma karibu kalori 500 kwa siku chini ya ile ilitazamiwa ku mutu wa uzito ule.

Sasa angalia hii kitu vizuri. Kama njaa itakufuata mwaka nzima ao zaidi, basi rejime ya miezi tatu, ata ikiwa kali namna gani, inaisha wakati mwili njo kwanza unaanza kudai. Kupigana kila siku kunachokesha, ku kila mutu. Chenye hakichokeshe ni vile vitu unafanyaka bila kujiuliza juu vilisha kuwa vyako. Hauamkake asubuhi ukabishana na roho yako kama leo utapiga mswaki ao hapana, kama leo utafunga kitenge vizuri mbele ya kutoka ao hapana. Unafanya tu, juu njo vile mutu kama wewe anafanyaka. Kama kutembea na kupima mafuta kunaweza kuingia mu kundi ile, tutakuwa na kitu cha kudumu. Kama kunabakia mu kundi ya mateso yenye iko na siku ya mwisho, kilo zitarudi, na nakuambia hii bila kukuficha.

Kuko batu benye balifika pale. Marekani kuko daftari moja inaitwa National Weight Control Registry, Rena Wing na James Hill balianzisha mu 1994, inaandika batu bazima benye balipunguza angalau kilo 13.6 na bakachunga ile uzito angalau mwaka moja, na balisha pita batu 10 000 ndani yake. Ni batu benye balijitolea benyewe na balishinda, kwa hiyo haituonyeshe bale balianguka, lakini inatufundisha kitu. Namna balipunguza haifanane, bamoja na dokta, bengine peke yao ku nyumba. Namna banaishi leo njo inafanana: bengi banatembea ao banafanya spori karibu saa moja kwa siku, robo tatu yao banapanda ku balansi angalau mara moja kwa juma, bengi banakulaka asubuhi, bengi banachunga namna moja ya kula siku za kazi na siku za kupumzika. Na bale balifikisha miaka miwili mpaka mitano bila kurudisha, hatari ya kurudia ilishuka sana. Kwa hiyo haiko vita ya maisha yote na ukali uleule, kunafika wakati inakuwa nyepesi, na batu bengi banaachaka karibu sana na ile wakati.

Turudi ku barua yako. Katikati uliandika kitu kidogo, labda haukukitia maanani: «nilikuwa nahesabu siku zibakie ili nikule tena kama mutu». Kama mutu! Yani kwa ile miezi tatu yote, mwenye alikuwa anakunywa ile supu hakuwa wewe, wewe ulikuwa unangoja pembeni mpaka iishe. Na ilipoisha ulirudi ku maisha yako, ile ya kweli, yenye sahani zake na saa zake na kiti chako cha soko, na ile maisha inatengenezaka mwili wa kilo 98, hakuna muujiza pale. Ulibadilisha balansi kwa muda. Mutu mwenye alikuwa anapanda juu yake alibakia yuleyule ku macho yake mwenyewe.

Na tuongee wazi, huku kwetu Goma unene una maana mingi kuliko kilo. Mwanamuke akinenepa banasema ndoa imemupenda, biashara inatembea, bwana anamutunza. Akikonda, majirani banaanza kuulizana polepole kama ako na sukari, kama ni ile ugonjwa yenye hawatajake jina, kama bwana amepata mwingine. Uliandika shangazi ya bwana yako alikukuta na zile kilo 84 akasema mbele ya batu bote «humu hawakupi chakula?», na ile mangaribi ukakula sahani mbili mbele yake. Mama, ile mangaribi haukuwa na njaa. Ulikuwa unatetea nyumba yako na jina ya bwana yako. Hakuna supu ya kabeji inaweza kushinda ile, na rejime yenye haina jibu kwa shangazi bado haijakamilika.

Kuko na kitu kingine chenye batu hawapendake kuongelea, na nitakigusa kwa heshima. Bengi betu hapa tulisha kimbia, mara moja ao mara mingi, tukalala mu mashule, mu makanisa, ku benyewe, na tukajua siku yenye hakuna kitu cha kutia mu sufuria. Mutu mwenye alisha pita pale, sahani inayojaa kwake ni usalama. Kumaliza yote, kuongezea mutoto mbele hajaomba, kutoacha ata kipande, ile iko ndani ya vile tunajiona kama bazazi bazuri. Sikuombe uondoe ile. Ile imani inachunga batoto. Nakuomba tu uone mahali inafanya kazi ku sahani yako mwenyewe, saa mbili usiku, wakati ulisha shiba na mu sufuria mumebakia kidogo na unasema haifai kulala. Weka mu kibakuli, funika, asubuhi iko chakula ya mutu. Ni kitu kidogo sana lakini bamama benye balianza pale baliniambia njo ilikuwa ngumu kuliko kutembea.

Halafu kuko ile neno yenye nasikia kila juma: «mambo ya rejime na spori ni ya bazungu na ya batu ba ONG (mashirika)». Ile neno inaumiza kuliko sukre (soda) na mafuta, na haiko Goma peke yake. Daphna Oyserman na benzake kule Marekani balionyesha mu 2007 kama mutu akiona kitu cha afya ni cha kabila ingine ao cha batu benye pesa, anakiacha, ata kama anajua faida yake, juu kukifanya ni kama kutoka mu benzake. Sasa nikuulize: sambaza, zile samaki ndogo, ni ya nani? Leo hakuna kitu cha Kivu kuliko sambaza, tunazitumaka mpaka mbali kama zawadi, na kumbe mu hii ziwa Kivu hazikukuwamo, balizitoa ku ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 bakazitia huku. Mihogo na mahindi yenye tunafanyaka bugali vilitoka Amerika, vilivuka bahari. Tulivichukua, tukavipika kwa namna yetu, vikakuwa sisi. Na ukirudi ku bakoko betu ba Masisi na Rutshuru, balikuwa banatembea ku milima, banalima, banakula maharagi na majani, nyama mara moja moja. Mwenye alikuja nyuma ni sukre ya chupa na kupanda moto (pikipiki) kwa njia ya dakika kumi. Kwa hiyo ukianza kutembea na kuongeza majani ya lengalenga ku sahani, hakuna mutu ana haki ya kukuambia unaiga.

Bon, sasa inafanywa namna gani. Bengi banafikiri ni kujisemea mbele ya kioo «mimi ni mwembamba, mimi ni mwembamba» mpaka roho iamini. Maneno peke yake ni dhaifu. Mu 2011 Christopher Bryan na benzake balitoa utafiti wenye ulijulikana sana, kwamba ukiuliza mutu habari ya kuwa mupiga kura badala ya kupiga kura tu, anaenda kupiga kura zaidi, na batu bakaifanya kama dawa ya kila kitu. Mu 2016 bengine bakaijaribu na batu bengi zaidi, ile matokeo haikuonekana. Mimi nasimama zaidi ku ile Daryl Bem aliandika mu 1972, kwamba mutu anajijua vile anajuaka bengine, anaangalia matendo yake mwenyewe na anatoa jibu: nimetembea leo, nimetembea jana, nimetembea ata ile siku ya manyunyu, basi kumbe mimi ni mutu wa kutembea. Matendo mbele, imani nyuma yake. Njo maana matendo ya kwanza inapashwa kuwa madogo mpaka karibu upate haya kuyataja, juu kazi yake haiko kuyeyusha kilo, kazi yake ni kukuwa ushahidi.

Na usitafute mutu mupya wa kukuwa. Chukua mwenye ulisha kuwa. Uliandika, na nilipenda sana ile mstari, kwamba toka uingie mu likelemba, ile kundi ya kuchangia pesa kwa zamu, haujawahi kukosa kutoa, ata juma yenye soko ilikufa. Yule mama anajua kila kitu chenye tunahitaji hapa. Anatoa kidogo, anatoa kila juma, hangoje akuwe na hamu, na hawezi kusema juu sina pesa mingi leo basi sitoe kitu. Nataka yule mama wa likelemba njo ashike mambo ya mwili wako. Yule mwingine, wa kulia mbele ya balansi, apumzike.

Nimeangalia siku yako vile uliniandikia, asubuhi mpaka usiku, na nimechagua mambo mawili tu.

La kwanza ni asubuhi. Unapandaka moto mbele ya nyumba mpaka ku soko. Kuanzia kesho tembea sehemu moja ya ile njia na miguu, dakika 15 kwa mwanzo, halafu moto ikumalizie. Asubuhi, hapana jioni, juu jioni giza inaingia haraka na usalama unaujua wewe mwenyewe. Na vaa kiatu chenye kinafunga mguu, kandambili unabeba mu mufuko, hizi avenu zetu za mabuye ya volkano zinatengua kifundo cha mguu ku mutu wa kilo 60, seuze 101. Ukimaliza mwezi ongeza dakika tano, kisha zingine. Shirika ya Afya ya Dunia inaomba dakika 150 mpaka 300 kwa juma ya kutembea kwa haraka kidogo, tutafika pale lakini haiko leo.

La pili ni mafuta ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo. Uliniambia unamiminaka kwa macho. Jaribu hii mara moja: siku ukipika, mimina vile unazoea, lakini mimina kwanza mu kikombe, kisha hesabu ni vijiko vikubwa ngapi. Kijiko moja kikubwa cha mafuta, ikiwa mawese ao ile ya chupa, kinabeba karibu kalori 120. Bamama bengi banakuta vijiko kumi na tano ao zaidi mu sufuria ya batu sita na banashtuka. Usikate yote, sombe bila mafuta hakuna mutu atakula na haki iko kwao. Shuka ku vijiko kumi, ukae pale majuma tatu ulimi uzoee, kisha saba ao nane. Kijiko kibakie pale pembeni ya chupa, kila siku kileile. Bugali usiiguse kwa sasa, nasema hii juu bengi banakimbiliaka kukata bugali siku ya kwanza na siku ya tano banaikula mara mbili. Yenye nataka ni lengalenga ao kabeji ijaze nusu ya sahani, maharagi ao sambaza robo, na bugali ipate robo yenye inabakia. Sambaza za kuchemsha na nyanya ni bora kuliko za kukaanga, lakini ata za kukaanga ni bora kuliko kukosa. Na ile sukre ya saa saba ya muchana, chupa moja ya 30 cl inabebaka karibu gramu 30 za sukari. Ukipata nguvu ya kuiacha, iache, ila mimi sikuihesabu mu yale mambo mawili, sitaki ubebe mizigo tatu.

Chumvi na kibe za kuungia, hapo nitakuwa mukali kidogo juu ya tansio: gramu tano za chumvi kwa siku, kijiko kidogo kimoja kwa mutu, na kibe zinaingia mu ile hesabu.

Ku balansi panda mara moja kwa juma, siku moja ileile, asubuhi, na uandike mu kile kitabu cha likelemba, ku ukurasa wa nyuma. Itapanda na kushuka kilo moja ao mbili bila sababu, maji tu, na siku za mwezi pia. Unaangalia mwezi na mwezi, hapana siku na siku.

Sasa shangazi. Na arusi, na kilio, na ile jirani wa soko mwenye atakuambia umekonda uko mugonjwa. Jibu lazima likuwe tayari mbele ya siku, juu pale pale akili inakimbia. Ku chakula sema «aksanti, ni tamu sana, mimi nakulaka sahani moja». Usiseme «siwezi, niko mu rejime», juu hapo umebafungulia mulango wa kukubembeleza, na wewe mwenyewe umejiambia kuna mutu anakukataza. Mu 2012 Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt balijaribu hii: bale balifundishwa kujibu kishawishi kwa kusema sikulake balichagua kitu cha afya 64 ku mia, bale ba siwezi 39 ku mia. Ku bale ba «umekonda» sema dokta alinipatia kazi ya kushusha tansio na inashuka, aksanti Mungu. Tansio kila mutu anaiogopa, kila famia ilisha zika mutu juu yake, hakuna mwenye atakucheka. Na bwana yako mwambie mapema, yeye njo jibu ya kweli kwa shangazi yake. Akisema mbele ya batu «mimi njo nilimuomba achunge afya» ile mazungumzo imekufa.

Utaanguka siku moja. Sikutishe, nakutayarisha. Itakuwa arusi, ao ugonjwa wa mutoto, ao mji unaharibika na unakaa ndani siku tatu na unakula kila chenye kiko. Hapo njo pa hatari kuliko njaa yote. Peter Herman na Deborah Mack balionyesha toka 1975: batu bale banajizuia chakula, ukibanywesha kwanza maziwa ya sukari, kisha ukibapa ice cream banakula mingi kuliko bale hawakunywa kitu, juu mu kichwa yao siku imesha haribika, basi iharibike yote. Na hapa kujipatia jina kunaweza kukuumiza pia. Kuko utafiti wa 2018 na batoto ba miaka minne na mitano: bale baliambiwa bakuwe «basaidizi», baliposhindwa kazi balikata tamaa zaidi ya bale baliambiwa tu basaidie, juu kushindwa kuligusa vile bako. Kwa hiyo usijenge jina yenye inavunjika na mandazi moja. Usiseme «mimi ni mutu mwenye hakoseke». Sema «mimi ni mutu mwenye anarudiaka». Kama juma moja unapata kilio na unachelewa kutoa likelemba, hauwezi kusema basi mimi siko tena wa likelemba. Unatoa juma yenye inafuata. Chakula chenye kinafuata, hapana siku ya kwanza ya juma, hapana mwezi mupya, chakula chenye kinafuata tu, ukile vile unajua. Phillippa Lally na benzake ba London balifuatilia batu 96 mu utafiti wa 2010, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu mu kuzoea. Na bona muda: kwa wastani siku 66 mpaka kitu kiende chenyewe, lakini bengine 18 na bengine 254. Kama ku mwezi wa tatu bado unajisukuma, hauko mubaya, uko katikati.

Kitu kimoja nakukataza kabisa ni kujitukana. Mu barua yako umejiita ngurube. Kule Uingereza mu 2014 batafiti ba University College London balichapisha hesabu ya batu karibu elfu tatu bazima, miaka ine: bale balisema banadharauliwa juu ya uzito baliongezeka kilo, bale hawakudharauliwa balipungua kidogo. Ikiwa madharau ya bengine inafanya vile, ile ya mu kinywa yako mwenyewe, yenye inalala na wewe, itakusaidia namna gani? Batoto bako bane banasikia pia, na binti yako mukubwa wa miaka 15 anajifunza hapo namna ya kuangalia mwili wake.

Lengo nikuwekee mimi: usitafute 84. Tafuta 96, zile kilo tano, na uchunge pale mwaka moja. Kupunguza tano mpaka kumi ku mia ya uzito kunatosha kushusha tansio na kusaidia sukari ku batu bengi, na mwili haulie njaa sana. Kisha mwaka tutaona kama tunashuka tena ao tunakaa.

Mbele ya yote hayo, hili juma enda ku kituo cha afya bakupime sukari ya asubuhi mbele ya kula, na barudilie tansio mara mbili, siku mbili mbalimbali, ukikaa chini dakika tano mbele ya kupima. Kama ulisha tumia vidonge vya kunenepesha vya soko, vile banauzishaka bila karatasi, baambie ukweli, mingi yake iko na dexametazone ndani na ile inapandisha tansio na sukari, na kama ulivimeza siku mingi usiviache kwa mara moja bila dokta. Kama bamekuandikia dawa ya tansio endelea nayo, usiache juu umeanza kutembea. Kilo zikishuka dokta mwenyewe njo atapunguza dawa, na ukianza kusikia kizunguzungu ukisimama, njo alama ya kumuona mapema. Tansio ikifika 18 kwa 11, ao kichwa kinauma sana na macho inafifia, ao kifua kinabana, usiniandikie mimi na usingoje asubuhi, enda ku lopitali ile saa ile.

Unitumie hesabu ya vijiko.